Juu Wapi?

Mjomba wangu Nathanaeli, mwalimu wa shule ya msingi pale Kihurio, alikuwa king'ang'anizi kama kupe, na mimi ndiye niliyefagia takataka zake. Takataka ndilo jina nililozipa: vigae, majembe yaliyoliwa na kutu, mirija ya udongo waliyopulizia wahunzi moto wa tanuru la chuma. Watu walikuja navyo waliposhushwa mlimani mwaka sabini na nne kuingia kijiji cha Ujamaa. Yeye alivipima, akavichora, akaandika kila kimoja kimetoka wapi.

Hapo ndipo palipomshinda. Kila aliyeulizwa alijibu, "Juu." Tulipoishi mlimani, kila kijito na kila jabali lilikuwa na jina lake. Tuliposhuka, mlima mzima ukawa juu, basi.

Nilimcheka mpaka siku nilipomkuta ameshika mrija wenye alama tatu za dole gumba kwenye ukingo wake. Baba yake, mhunzi, ndivyo alivyotia alama mirija yake; mama yake alimsimulia. Alizikwa kando ya tanuru lake, mjomba akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama yake akaolewa mbali, akafa bila kumwonyesha mahali.

"Dorkas," aliniambia, "nina miaka hamsini na mbili, sijawahi kusimama kwenye kaburi la baba yangu. Nalitamani kaburi lile kuliko kitu chochote."

Nikakoma kucheka. Mrija ule uliletwa na Bi Lukia, basi tukamfuata kwenye mpunga wake.

"Shikamoo, mama. Ule mrija ulitoka wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Si nilikwambia? Juu."

"Juu wapi?"

"Mimi nitajuaje? Ulikuwa wa shangazi yangu Hedwiga. Aliuokota alikozaliwa, kabla ukoo wetu haujahama pale."

"Naye yuko wapi?"

"Malaria ya huku chini ilimchukua mwaka jana." Bi Lukia alikwangua tope kwenye jembe. "Yeye angekwambia. Kila siku alikuwa akipataja mahali pale, kijito gani, mti gani, mpaka tukamchoka. Tukamwambia nyamaza, bibi we, ya juu yamekwisha. Akanyamaza."

Mjomba hakumlaumu. Aliomba tu aonyeshwe kaburi la Hedwiga. Akavua kofia, akasimama pale mpaka miguu yangu ikauma, nikamvuta mkono twende.

"Ngoja kidogo," alisema. "Huyu alipajua."