Walipokuwa Wakisubiri Neno Langu

Ninayoyaandika yalimpata mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ameniruhusu niyaseme, mradi nisimtaje jina. "Andika, Mjomba," aliniambia, "ila na yako usiyafiche."

Sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Binti akiolewa, akisafiri, akiugua, mjomba aulizwe kwanza. Kwetu, milimani juu ya Mlali, mjomba huyo ni mimi. Mpwa wangu alikuwa na afya yake, akilima karoti na kabichi na kuziteremsha mwenyewe gulioni. Kwa utani hakuna aliyemweza.

Alipopata mimba, mwanamume akamkana. Mimi aliogopa kuniambia, maana nilishatangaza mbele ya ukoo kwamba atakayezalia nyumbani nitamfukuza. Akanywa dawa za kutoa mimba alizopewa na rafiki yake. Damu ikatoka, haikukata. Kanga zililowa moja baada ya nyingine, mabonge yakitoka. Kesho yake homa ikapanda, na ile damu ikaanza kunuka.

Nilikuwa Gairo kununua mahindi. Dada akanipigia.

"Kaka, mtoto anavuja damu. Alikuwa na mimba. Nimpeleke hospitali?"

Nikawaza aibu, nikawaza polisi. "Asitoke mtu mpaka nije."

"Anatetemeka, Kaka."

"Nimesema nakuja."

Nilifika siku iliyofuata. Kijana wa bodaboda alishaitwa, akarudishwa kwa sababu ya neno langu. Nilimkuta binti midomo imepauka, viganja vya baridi, kukaa hawezi. Akaniangalia.

"Mjomba umefika. Sasa naruhusiwa kupona?"

Tukamteremsha hadi hospitali mjini. Nilijiandaa kwa matusi. Nesi aliyetupokea akaniamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimi ndiye mjomba wake. Maswali yote niulize mimi."

"Na wewe unaumwa, babu?"

"Siumwi."

"Basi kaa hapo kwenye benchi upumzike. Nitaongea na mgonjwa."

Kati yetu lilikuwa pazia tu. Walimtundikia dripu, wakamchoma sindano za maumivu na za maambukizi. Nikamsikia nesi akimweleza: "Mabaki ya mimba bado yako ndani, ndiyo yanayoleta homa. Daktari atakusafisha. Utasikia tumbo linabana. Ukizidiwa, sema, atasimama. Unakubali?"

"Mtaniitia polisi?"

"Hapa tunatibu, mdogo wangu. Unakubali?"

"Nakubali."

Kazi ikaanza. Baada ya muda nikamsikia mpwa wangu: "Simama." Mlio wa vyombo ukakoma. Daktari alisimama kweli.

"Vuta pumzi. Tuendelee?"

"Endelea."

Sikumbuki mwanamke wa ukoo wetu kuniambia simama, nami nikasimama.

Daktari alipotoka aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kule kusubiri nusura kumgharimu kizazi, na hata uhai.

Homa ilishuka, damu ikakata. Kabla ya kuruhusiwa alifundishwa dalili za hatari na njia za kupanga uzazi, akachagua mwenyewe. Nyumbani nilimwuliza kama alitendewa vizuri.

"Uji wao maji matupu," alisema, "na shuka fupi, miguu yote nje. Lakini hakuna aliyenisema. Na waliniuliza mimi."

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliowatangazia vitisho vyangu. Amerudi shambani, na ulimi wake umerudi vilevile. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wahudumu. Enyi mabinti, damu isiyokata na homa si za kufichwa, nendeni, mtapokewa. Nanyi wajomba wenzangu, mkipigiwa simu ya mgonjwa, semeni "mpelekeni" na kisha ulizeni mengine.

Majuzi mpwa wangu mwingine, mjamzito, alianza kutoka damu. Dada akanipigia.

"Kaka, tuko hospitali, ameshapokewa. Nimekupigia ujue tu."

"Vizuri," nikamwambia, nikakaa kusubiri habari.