Ngamia wa Wenye Kompyuta

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Garissa, na jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa na yake. Nilimwonea wivu. Nasema mapema, nisije nikaonekana najificha. Alikuwa mwanamke mwenyeji, mzuri wa sura, na wateja walimfuata hata siku ambazo feni yake imeharibika na yangu inazunguka. Mimi nilikuwa mwanamke wa bara, niliyeletwa na kazi ya ukarani. Kazi ikaisha, nikabaki.

Faida ilikuwa kwenye ripoti ndefu za mashirika ya misaada ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Kompyuta yangu ikifika katikati ya ripoti inaganda. Fundi akaniambia inahitaji vipande viwili vya memori, kwani mashine zile hazikupokea kimoja. Lazima kiwe na pacha wake. Nilinunua kimoja, nikaenda kukopa pesa ya cha pili. Niliporudi, bei ilikuwa imepanda katika maduka yote matatu yaliyouza memori, shilingi kwa shilingi. Bila yule pacha, kipande changu kilikuwa pambo tu, na mimi ningefunga ofisi nirudi kwetu mikono mitupu.

Bei kupanda si ajabu. Ajabu ni kwamba hakuna aliyetaka tupatane. Garissa hiyo, mji ambao watu wanavutana bei ya mbuzi mmoja mpaka adhana inawakuta papo hapo! "Nenda hata kwa jirani, ni hiyo hiyo," waliniambia wote watatu, kwa maneno yale yale. Hapo nikajua wamekaa chini wakakubaliana. Niligundua mimi, si mwingine. Kisha nikaenda nikamsimulia jirani yangu, na mdomo uliponza kichwa.

Kesho yake mji mzima ulikuwa unasema yeye ndiye aliyegundua. Aliwakusanya wote walionunua memori, wenye ofisi kama zetu, na walimu wa chuo cha kompyuta, tulalamike kwa sauti moja. Mahakamani hatukwenda, maana hakuna aliyekuwa na risiti. Tulikwenda kwa wazee, kwenye ua wa hoteli ya chai, na ami yake ndiye aliyetusemea. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, nikisikiliza hoja zangu zikitoka kinywani mwa ami wa mwenzangu. Yalisemwa kwa Kisomali. Jirani yangu alinitafsiria, tena bila kuombwa.

Wafanyabiashara walisingizia usafiri na barabara mbovu. Mzee aliyeongoza kikao aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawataka waape kwa Msahafu kwamba hawakupanga bei. Mkubwa wao akasema hana udhu. Mzee akaagiza birika la maji. Likaletwa, likawekwa miguuni pake, na ua mzima ukawa unalitazama lile birika. Mwishowe yule bwana akainamisha kichwa.

"Tulikubaliana," akasema.

Hukumu ilikuwa kwamba kila duka liuze kwa bei yake na lipatane na mteja wake. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha alilipa kiasi gani, wale watatu watoe ngamia mmoja, achinjwe, agawiwe walalamikaji wote. Kila fungu lingepokewa na mzee wa ukoo wa mwenyewe.

"Na huyu wa bara?" mzee akauliza, safari hii kwa Kiswahili. "Fungu yake nani atachukua? Watu yake wako wapi?"

Jirani yangu akaniwahi, akimwita mzee adeer, yaani ami, kwa heshima.

"Huyu ni abaayo yangu, adeer. Dada yangu kabisa. Fungu yake iko ndani ya yangu."

Mashallah zikamiminika, zote zikamwangukia yeye. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimegundua mwenyewe, nimedhulumiwa mwenyewe, na haki yangu inapitia mkononi mwake! Jioni aliniletea nyama, na juu yake kipande cha nundu, kile wanachowekewa wageni wa heshima. "Kula, abaayo, usione haya." Nikala. Ilikuwa tamu, na utamu wake uliniudhi.

Siku chache baadaye nilikwenda kumnunua yule pacha. Maduka yalikuwa yamerudia kelele zao za kupatana, na mimi nilikuwa nimenoa ulimi. Muuzaji hakunipa nafasi.

"Wewe si dada yake yule? Basi chukua kwa bei hii, hakuna maneno. Kwa heshima yake."

Ilikuwa bei ya chini kuliko ambayo ningethubutu kuomba. Nikatoa noti za bei ile ya njama, zile za mkopo, nikaziweka zote mezani.

"Hapana, mama," akasema, akinisogezea zilizozidi. "Hii ni nyingi."

Nikamwambia abaki nazo, memori hii nainunua mwenyewe. Nikachukua kipande changu, nikatoka.