Driver ya graphics ilivyonigomea asubuhi ya kikao cha mfongo Kibosho

Wakuu, salamu kwenu wote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe na sijakitia chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wengine wana ndugu humu ndani.

Mimi ni mdada, nakaa Soweto hapa Moshi. Kazi yangu ni kutengeneza ramani kwa picha za drone. Laptop yangu ya kazi inatumia Linux. Wale wa "si uhamie Windows tu" naomba mvumilie, nitawapa nafasi yenu.

Iko hivi.

Kibosho nina mama mkubwa, tumwite Mama Felista. Mume wake alishafariki, na kaburi lake lipo palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani katikati ya migomba na kahawa. Kwetu ndivyo tunavyozika.

Masika yaliyopita mvua ilibomoa mfongo. Kwa ambao hamjafika huku, mfongo ni mtaro wa maji unaotoka mtoni kule juu mlimani na kushuka mpaka mashambani. Ukingo uliporomoka wote, mtaro ukawa hauwezi kurudishwa ulipokuwa. Kaya zote za chini zikabaki kavu.

Kitongoji kikaamua mtaro mpya uchimbwe. Wakachomeka vigingi. Mstari wa vigingi ukaingia kihambani kwa mama mkubwa na kupita juu ya kaburi la baba mkubwa.

Mama mkubwa akanipigia. Hakulia. Alisema tu, "Anjela, wanataka kumpitishia baba yako mkubwa maji kifuani. Njoo na hivyo vyombo vyako."

Nikaongea na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Aloyce. Akaniambia kikao ni Jumamosi saa nane mchana, Jumatatu watu wanaanza kuchimba. Kama nina njia nyingine, nije nayo siku hiyo, nisije na maneno.

Alhamisi nikapanda na drone ya ofisi. Kibali kilikuwepo, msinianze. Ukungu ulinisumbua mpaka saa saba, ila picha nikapata za kutosha.

Ijumaa nikiwa Soweto nikaziingiza kwenye programu inayoziunganisha kuwa ramani ya 3D. Ikagoma. Ikasema driver ya kadi ya graphics, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha, ni ya zamani, niweke mpya.

Hapa muelewe kitu kimoja. Kuunganisha picha zile, kadi ikisaidia, kunachukua kama saa moja. Bila kadi, laptop yangu ingekesha nayo mpaka Jumapili. Kwa hiyo driver haikuwa urembo.

Nikaweka driver mpya. Katikati ya kuweka ikaniomba nitunge password fulani. Nikaandika, sikusoma ni ya nini. Mwisho ikasema nizime na kuwasha. Nikazima, nikafunga begi, nikasema nitawasha huko huko Kibosho asubuhi.

Wakuu, hilo ndilo kosa langu namba moja. Usibadilishe driver siku moja kabla ya kazi halafu ukaondoka bila kujaribu.

Jumamosi saa mbili asubuhi niko sebuleni kwa mama mkubwa. Nikawasha.

Ikaja skrini ya bluu, maneno machache ya Kiingereza, menyu ya mistari kama minne. Mstari wa kwanza uliandikwa "Continue boot", yaani endelea kuwaka. Mimi nina haraka, nikabonyeza huo huo.

Kioo kikawa cheusi. Juu kushoto kimstari kinawaka na kuzima.

Nikasubiri dakika tano. Kumi. Nikazima kwa nguvu, nikawasha. Cheusi tena.

Mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akaniangalia usoni, siyo kwenye laptop.

"Imekufa?"

"Hapana mama. Imegoma kidogo."

"Kidogo," akarudia, akaendelea kumenya.

Nikampigia rafiki yangu mmoja wa mjini. Jibu lake lilikuwa la sekunde mbili: format, yaani futa kila kitu, weka upya. Picha zote za Alhamisi zilikuwa humo humo ndani, memory card ya drone nilishaifuta ofisini. Nikakata simu.

Hilo ni kosa namba mbili, na halihusiani na Linux hata kidogo.

Nikatulia. Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ikatokea skrini ya maandishi matupu, inaniomba jina na password. Aisee, moyo ulirudi. Maana yake mfumo ni mzima, kilichokufa ni upande wa picha tu.

Nikaingia, nikaangalia folda. Picha zote zipo. Nikachomeka flash, nikazinakili kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Nikajiambia tatizo ni toleo la driver. Nikaiondoa yote, nikaunganisha simu kwa waya kupata intaneti, nikaanza kushusha toleo la nyuma kidogo.

Network ya pale ndani ilikuwa inatambaa. Nikahamisha meza mpaka uani karibu na zizi la ng'ombe, ndipo ikashika. Asilimia kumi na mbili. Asilimia kumi na tisa. Simu ikaingia, ya matangazo, intaneti ikakatika, ikaanza kuungana upya. Nilitaka kuitupa ile simu kwenye samadi.

Saa nne na nusu ikamaliza. Ikaniomba tena ile password. Nikaandika. Nikaipa amri ya kuwaka upya.

Sekunde hiyo hiyo Baba Deo akaingia uani.

Baba Deo ni jirani wa chini. Ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutaka mtaro upite pale. Nilikuja na picha yake kichwani kuwa ni mtu mbaya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe mtoto wa drone?"

Kwa adabu nikasimama, nikamwachia kiti, nikaongea naye. Aliniambia mke wake ametoka hospitali na hatakiwi kubeba kitu, kwa hiyo yeye na binti zake wanateka maji korongoni, ndoo kwa ndoo, na ana ng'ombe watatu wa maziwa. "Sina ugomvi na marehemu," akasema. "Alikuwa rafiki yangu. Lakini nina kiu."

Nikampa pole ya mgonjwa.

Nilipogeuka kwenye laptop, skrini ya bluu ilikuwa inahesabu kwenda chini. Tatu, mbili, moja. Sikuwahi. Kioo kikawa cheusi.

Saa tano kasoro. Kikao saa nane. Mama mkubwa akaniletea chai, akaiweka, akarudi kwenye ndizi zake.

Nikarudi kwenye skrini ya maandishi. Safari hii sikuondoa wala kuweka kitu. Nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu saa mbili: nikaiwasha driver mwenyewe kwa amri na kusoma inachojibu.

Ikajibu: "Key was rejected by service." Yaani ufunguo umekataliwa.

Nikampigia fundi mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja, Kaka Prosper. Sasa yuko Tarakea, ana duka la kutengeneza simu na laptop karibu na soko. Jumamosi ana wateja mlangoni, ila akapokea.

Nikamsomea yale maneno.

Akacheka kidogo. "Anjela, uliona skrini ya bluu?"

"Niliiona mara mbili."

"Ukafanyaje?"

"Ya kwanza niliruka. Ya pili ikanipita nikiwa naongea na mgeni."

"Basi driver yako haina kosa. Hiyo laptop ina Secure Boot imewashwa. Ni kama mlinzi getini. Driver imekuja na ufunguo ambao mlinzi haujui. Ile skrini ya bluu ni mlinzi anakuuliza, huyu unamjua? Wewe ukapita bila kumjibu, naye akamfungia nje."

"Nifanyeje? Nizime hiyo Secure Boot?"

"Unaweza, ila kwa laptop ya ofisi mimi sikushauri. Mtambulishe tu. Andika ninachokutajia."

Akanitajia amri ya mokutil, herufi kwa herufi, huku nasikia anamwambia mteja "subiri kidogo mama". Ikaniomba password. Nikatunga rahisi, nikaiandika pia kwenye kiganja.

"Sasa iwashe upya," akasema, "na mtu yeyote akija, hata akiwa askofu, usinyanyue macho."

Skrini ya bluu ikaja. Nikabonyeza kitufe kabla hesabu haijaisha. Menyu. Nikachagua "Enroll MOK", yaani sajili ufunguo. Endelea. Ndiyo. Password. Nikaiangalia kwenye kiganja, nikaandika polepole. Reboot.

Kioo kikawa cheusi.

Halafu ikaja ile rangi ya zambarau ya skrini ya kuingilia, na jina langu katikati.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Saa tano na nusu nikaanzisha kazi. Kadi ikafanya kazi, feni inanguruma kama gari linapanda mlima. Saa saba kasoro dakika chache ramani ikafunguka, kihamba kizima kwenye kioo, na bati la nyumba, na migomba, hadi kaburi.

Nikachora mstari wangu. Ule niliokuwa nao kichwani tangu Alhamisi, unaopita juu kabisa ya kihamba, mbali na kaburi, mbali na kahawa. Nikaipa programu inipimie mteremko.

Kwenye jabali moja, ardhi ilikuwa inapanda.

Nikapima tena. Inapanda. Kama mita moja na kidogo. Maji hayapandi, wakuu.

Hapa nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Nilikaa na ile namba dakika kadhaa, na wazo lilinijia. Pale kikaoni hakuna mtu angejua. Ningeonyesha mstari, ningezungusha ramani vizuri, wangekubali. Wangegundua baada ya kuchimba, na hapo kaburi lingekuwa limeshapona.

Nikamfikiria Baba Deo na ndoo zake.

Nikachora mstari wa tatu. Huu unapita upande wa bondeni, mbali na kaburi, unakata kona ya shamba. Mteremko mzuri mwanzo mpaka mwisho. Ila kwenye hiyo kona kulikuwa na mibuni kumi na moja, ambayo baba mkubwa aliipanda mwaka walipooana.

Nikamwita mama mkubwa, nikamweleza yote. La jabali pia.

Akagusa kioo kwa kidole, pale kwenye kaburi.

"Hapa hapaguswi?"

"Hapaguswi mama. Mtaro uko mbali, hatua kama kumi na tano."

"Na ule wa juu hauwezekani kweli?"

"Hauwezekani."

"Basi kaseme hivyo hivyo," akasema. Akaenda kubadilisha kanga.

Kikao kilifanyika nje ya ofisi ya kitongoji. Watu walikuwa wengi. Kabla sijafungua laptop, mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ni mtoto wa ndugu yake Mama Felista. Picha za kompyuta unazipaka unavyotaka."

Mzee Aloyce akanitazama nijibu.

Nikasema, "Naomba mtu yeyote anitajie kitu kilichopo shambani kwake. Kama hakimo humu, nitafunga laptop niondoke."

Baba Deo akasimama. "Mti wangu wa msesewe. Wenye tawi lililovunjika."

Nikashuka na ramani mpaka kwake, nikazungusha polepole, nikasogeza karibu. Msesewe ukaonekana, na tawi lake limelala kwenye paa la banda. Watu wakasogea. Kioo kilizunguka laini bila kukwama, na ndipo nilipojua kwa nini niliteseka asubuhi nzima.

Nikawaonyesha mstari wangu wa juu, na nikasema mwenyewe kuwa haufai, jabali hili hapa. Yule mzee aliyenishuku akakunja uso, akauliza, "Sasa mbona unajikataa mwenyewe?"

Nikamwambia, "Kwa sababu unapanda, baba."

Akakaa.

Nikawaonyesha wa tatu. Wakaulizana, wakahesabu mashamba, wakabishana kama nusu saa. Mwisho wote wakamgeukia mama mkubwa.

Akasimama. "Kaburi limepona, sina neno. Mibuni ile naitoa. Lakini nataka kuikata mwenyewe, asiiguse mtu mwingine."

Baba Deo akasema atamletea miche mipya na kuipanda kwa mikono yake. Mama mkubwa akamwambia ailete tu, kupanda anajua.

Jumatatu hawakuchimba. Walimpa siku mbili. Binamu yangu ananiambia mama mkubwa aliikata mmoja mmoja, na kuni zake hazijachomwa mpaka leo, zimepangwa nyuma ya jiko.

Maji yalifika baada ya wiki tatu. Sikuwepo. Mama mkubwa alinipigia, hakunisalimia, akasema "sikiliza" halafu akainamisha simu kwenye mtaro. Nilisikia maji, na sauti ya Baba Deo kwa mbali anamfokea mtu asikanyage ukingo. Nikawa nalia peke yangu ofisini.

Nilichojifunza, kwa upande wa mashine: laptop ikikuletea skrini usiyoijua, soma kabla ya kubonyeza. Kioo kikiwa cheusi usikimbilie format, jaribu Ctrl, Alt na F3 kwanza, nakili vitu vyako, kisha soma kosa lenyewe linasema nini. Nilipoteza asubuhi nzima kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Kwa upande mwingine, nilikwenda kule nikitaka kumshinda mtu ambaye alikuwa anahitaji maji tu. Bado linanisumbua hilo.

Haya, nawaachia uwanja. Wenye Linux: Secure Boot mnaizima moja kwa moja au mnasajili ufunguo kama mimi? Na wewe mkuu ungekuwa na ile namba ya jabali peke yako kwenye kioo, saa moja kabla ya kikao, na kaburi ni la kwenu, ungeisema? Jibuni kwa ukweli, hata matusi ya Windows nitayasoma.