Barua ya Ndoa Niliyoizuia

Nilimchukia yule fundi wa viyoyozi kwa maneno manne. Nilipochaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakenya hapa Ruwi, mjini Maskati, alisimama mbele ya wote akasema, "Mzee amechaguliwa na tumbo." Watu walicheka. Ni kweli nilikuwa nimewalisha biriani Ijumaa mbili kabla ya kura, na ukweli huo ndio ulioniuma.

Nilingoja karibu mwaka mzima. Kisha akaja kuomba barua. Alikuwa akienda nyumbani likizo ya wiki mbili, afunge ndoa kanisani na mwanamke aliyemwoa kimila miaka mingi nyuma. Paroko wa kwao alitaka jumuiya ya huku ithibitishe kwamba hana mke mwingine. Muhuri nilikuwa nao mimi. Nilimwambia kwanza aombe msamaha mbele ya wanajumuiya.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya misa, na baada yake mimi ndiye niliyefundisha historia ya Kanisa, somo nililolipenda sana sekondari. Siku hiyo niliacha katikati somo la wamonaki wa kale nikarukia habari za Papa mmoja mkali wa zama zile, aliyekataza wafalme kugawa uaskofu na watu kununua vyeo vya Kanisa. Mfalme alipokaidi, Papa alimtenga na Kanisa. Nikasimulia jinsi mfalme alivyosimama siku tatu kwenye theluji, miguu mitupu, nje ya ngome alimokuwa Papa, akiomba kusamehewa. Fundi alikuwa nje ya mlango wa ukumbi, kwenye jua la Juni, kwa sababu nilikuwa nimeagiza asiingie mpaka nimwite. Sikumwita. Nilijiona Papa, mimi niliyenunua kiti kwa sahani za wali. Na niliona raha ambayo hata leo naikumbuka vizuri mno.

Ijumaa ya pili nilifanya vivyo hivyo. Ya tatu nilikusudia kumwita, lakini mlangoni hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshasafiri.

Aliporudi aliingia darasani bila kuitwa, akaketi mbele.

"Mwenyekiti, yule mfalme aliposamehewa, mambo yaliishaje?"

Sehemu hiyo nilikuwa nimeiruka makusudi. Ikabidi niseme: ugomvi ulianza upya, mfalme akaja na jeshi, akamweka Papa wake mwingine, na yule wa kwanza akafia mbali na mji wake.

Dereva mmoja akamtania fundi, "Na jeshi lako liko wapi, ndugu?"

"Sina jeshi," akasema. "Nilikuwa na siku kumi na nne."

Akatueleza kwamba nguo zilikuwa zimeshonwa na jamaa wamealikwa, lakini paroko akakataa. Mwanamke akaamini barua imekosekana kwa kuwa kuna mke amefichwa Maskati. Akarudi kwa wazazi wake.

Mchana huohuo niliandika barua, nikapiga muhuri, nikampelekea chumbani kwake. Aliisoma akanirudishia.

"Hii ni ya padre. Mwandikie mke wangu. Mwambie ni wewe."

Akaniwekea karatasi mezani, akasimama nyuma yangu. Niliandika kwamba sikuwahi kumwona mumewe na mwanamke yeyote hapa, kwamba barua niliizuia mimi kwa kisasi, na kwamba nilifurahia. Neno hilo la mwisho nilitaka kulikata. Akanishika mkono.

"Liache," akasema.