Nilimpiga Mama Mbele ya Ndama, Nikasingizia Kwetu

Nimekosa, na sitafuti pole ya mtu. Pole nimeshakula za kutosha mwaka huu, tena nilipewa na watu niliokuwa nawadanganya wakiniangalia usoni. Ukimaliza kusoma haya ukasema mimi ni mjinga, utakuwa umenihurumia.

Mimi ni mwanamke Mkenya, nimepita arobaini. Nilikuja Stockholm kusoma, nikaolewa na mtu wa huku, nikabaki. Naishi Jordbro, nafanya kazi kwenye ghala kule eneo la viwanda. Mdomo wangu ni mkali, wanaonijua wanajua, na wengi wao nimewahi kuwasema.

Nianze na dharau, maana ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nawadharau wawindaji wa nchi hii. Wazee wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wanakaa msituni tangu alfajiri wakimngoja mnyama, wakirudi mikono mitupu wanasema siku ilikuwa nzuri! Mume wangu naye hali nyama, ni mtu wa dengu na maharagwe, na alikuwa anawadharau kwa sababu zake. Katika ndoa yetu kuna mambo machache tunayokubaliana, na kuwacheka wale wazee lilikuwa mojawapo.

Asiyechekesha alikuwa baba mkwe. Huku wakwe huitwa kwa majina yao. Mimi nimeshindwa, namwita Baba, naye amezoea. Ana miaka sabini na minne. Yeye na wenzake wanane wamekodi msitu upande wa kusini, na wanayemwinda hasa ni älg, yule mnyama wa huku aliye kama kulungu lakini mrefu kumshinda farasi.

Siku moja Baba aliniambia kwamba kijana wa timu yao ana miaka hamsini na tisa na anangoja kubadilishwa goti. Wakishindwa wote, mwenye msitu atauachia watu wa mjini wanaokuja Jumamosi moja, wanapiga risasi, wanapiga picha, wanaondoka bila kujua wamebakiza wanyama wangapi. Yeye kila mwaka anajua wangapi wamezaliwa na wangapi wanafaa kuchukuliwa. Alitaka mtu wa kumwachia kazi hiyo. Mwanawe alikataa, basi akaniuliza mimi.

Mke wa mtoto na baba mkwe, wawili msituni, na bunduki! Shangazi zangu wangesikia wangezirai. Lakini nilikubali, na sikukubali kwa kuupenda msitu. Nilikubali kwa sababu nilijiona tayari kwenye picha.

Nikasoma, nikafanya mtihani wa uwindaji, nikapita. Kumbe kuna mwingine alikuwa anasoma pia. Ni Mama Aline, Mrundi wa Märsta anayefanya usafi uwanja wa ndege, tunasali naye kwenye ibada yetu ya Kiswahili kule Hagsätra. Aliposikia habari zangu aliazima vitabu vyangu, na kwenye shabaha akanipita mbali. Yule mama anaweza kukaa kimya saa nzima bila kusogeza hata kidole. Mimi hata kanisani siwezi.

Wazee walisita kuwaingiza wageni wawili kwa mpigo. Baba akasimama mbele yao akasema tuanze na mkwe wangu mwaka huu, na akienda vizuri, mwaka ujao Mama Aline apewe nafasi. Alitoa neno lake, na yeye si mtu wa maneno mengi. Kwa hiyo, nielewe vizuri hapa: nafasi ya Mama Aline ilikuwa mikononi mwangu, na nilijua.

Kanuni ya kwanza ya timu ile hata mtoto wa darasa la pili angeishika. Ukimwona mama na ndama, usimguse mama. Anayepigwa kwanza ni ndama. Inaumiza kusikia, lakini mama akibaki atazaa tena mwaka ujao, na ndama akibaki peke yake, theluji ikishuka hajui chakula kiko wapi, atakonda mpaka aanguke. Baba alinieleza hilo mezani, akanieleza kwenye gari, akanieleza tena tukiwa tumesimama palepale pa kuwindia. Mara ya tatu nilikuwa naitikia tu ili aache.

Sasa, kabla ya siku yenyewe, nilikuwa nimejisifu. Kwenye kundi letu la akina mama kwenye simu niliandika kwamba sikukuu ya mavuno kanisani nyama ni juu yangu. Mmoja akanijibu kwamba nisisahau kuwaletea sungura wangu, wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Yule ndiye niliyempeleka msituni kichwani mwangu. Mtu mzima mimi, na mtoto nimezaa, nikaenda kuua mnyama kwa ajili ya vikatuni vya simu!

Ilikuwa Oktoba, asubuhi ya baridi. Nilipandishwa kwenye jukwaa la mbao pembeni mwa mahali palipokatwa miti. Baba alikuwa mbali, nilimsikia kwenye redio tu. Mbwa akaanza kubweka, na baada ya muda wakatoka wawili. Mbele mama, nyuma ndama, wanatembea taratibu wala hawana wasiwasi.

Nilikuwa na nafasi ya wote wawili. Ndama alisimama ubavu wazi, hata kipofu angempata. Nikamtazama nikaona udogo wake. Nikaona ile picha, mimi na kitu chenye ukubwa wa ng'ombe mchanga, na yule mama wa sungura akiniuliza kama nimemkamata kwa kamba. Nikasogeza bunduki, nikampiga mama.

Alianguka baada ya hatua chache. Hapo sina la kujilaumu, risasi ilikuwa safi.

Ndama hakukimbia mbali. Alizunguka, akarudi, akamnusa mama yake shingoni. Hapo bado ningeweza kurekebisha. Ningempiga naye, niseme nimekosea utaratibu, nigombezwe, yaishe. Lakini ndama amelala pale angekuwa ushahidi. Nikateremka kwenye jukwaa, nikavua kofia, nikampungia nikimzomea kama unavyofukuza kuku jikoni. Akaniangalia. Nikamzomea tena mpaka akaingia msituni. Hili la kofia sikumwambia mtu yeyote kwa miezi mitano.

Kwenye redio nilisema tu kwamba mmoja ameanguka. Wakaja, wakanipa mkono, wakafurahi kwa ile furaha yao ya kutikisa kichwa mara moja. Halafu Baba akapiga goti, akaminya kiwele. Yakatoka maziwa. Wanaume tisa wakatazama kidole cha mzee kilicholowa.

Baba akaniuliza kwa upole ndama yuko wapi. Nikasema amekimbia. Akauliza kama nilimwona kabla ya kupiga. Ningesema ndiyo, nilitamani mkubwa. Sentensi moja! Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Kwetu mtu haui mtoto mbele ya mama yake. Ni desturi. Nilishindwa."

Na machozi nikatoa. Yalikuja yenyewe, sijui yalitoka wapi.

Wewe unayesoma hapa umeshacheka, najua. Desturi gani hiyo? Ya nani? Bibi yangu alichinja mbuzi na mwanambuzi wake kwa siku moja, na jioni akalala usingizi mzuri. Lakini watu wa huku ukiwatajia neno desturi wanainamisha macho. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mmoja alinigusa bega. Niliwadharau hapo hapo, nikasema moyoni, wepesi hivi? Sikujua kwamba wao walikuwa wananiheshimu, na mjinga pale msituni alikuwa mmoja tu.

Nyama nikapata. Sikukuu ikafana, akina mama wakala wakaomba mifupa ya supu, picha yangu ikazunguka mpaka Nakuru. Mama Aline alikula kidogo, akaniuliza mnyama alikuwa peke yake? Nikajifanya sijasikia, nikaenda kupakua wali.

Wakati mimi napakua wali, Baba alikuwa anamtafuta ndama. Mkewe ndiye aliyenieleza baadaye, mwenyewe hakusema. Alikwenda asubuhi tatu mfululizo, na miaka yake ile, akakaa kwenye baridi karibu na mahali mama alipoangukia, maana alijua ndama atarudi hapo. Mara ya tatu alirudi. Baba akammaliza, akamburuta, akamchuna mwenyewe. Akaniletea paja la ndama limefungwa kwenye karatasi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ameshatengeneza mambo.

Nililipika. Nililila peke yangu, mume wangu na dengu zake akinitazama.

Mwezi wa tatu timu ikakutana kupanga mwaka mpya. Tulikaa kwenye kibanda chao cha kuchinjia, kahawa na mikate ya mdalasini mezani. Mwenyekiti wao, mtu mpole sana, akasema wamefikiria habari ya Mama Aline. Akasema hawataki kumlazimisha mtu kwenda kinyume na mila zake. Wameona mwaka jana jinsi ilivyoniumiza, na hawakujua kwamba kwa watu wa kwetu jambo hili ni zito. Afadhali wasiwaweke wengine katika hali ile.

Mama Aline ni Mrundi! Kwetu na kwao kuna nchi nzima katikati. Lakini nilikuwa nimesema kwetu, nao wakatutia wote ndani.

Baba alijaribu. Akasema yule mama ana shabaha na subira. Mwenyekiti akamuuliza, lakini desturi? Baba akanigeukia, akaningoja. Kila mtu akaningoja. Nikachovya mkate kwenye kahawa.

Baba akaondoa pendekezo lake mwenyewe. Akasema labda alikuwa anaharakisha watu.

Nafasi akapewa jamaa wa mjini, mpwa wa mwenye msitu. Amekuja mara moja, nguo zote mpya, akauliza kama pale kuna mtandao, kisha akasema älg ni wengi mno na hii habari ya ndama kwanza ni ya kizamani. Basi huyo ndiye atakayerithi hesabu ya Baba. Namdharau, lakini namdharau nikiwa nimekaa chini yake.

Nilimpelekea Mama Aline habari mwenyewe, nyumbani kwake Märsta. Nilikuwa nimepanga maneno ya kulaumu ubaguzi, na njia nzima kwenye treni niliyafanyia mazoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Halafu akasema:

"Dada, hiyo desturi mkweo aliniambia tangu Oktoba, lakini kwetu sijawahi kuisikia. Niliuliza Wakongomani, niliuliza na Wakenya wenzako pale kanisani. Hakuna anayeijua. Ni ya wapi?"

Nikashika mkoba wangu.

"Mimi ningempiga mtoto kwanza," akasema. "Ningelia nikifika hapa nyumbani. Lakini ningempiga."

Nikamwambia yote. Hata kofia. Alinyanyuka, akaosha vikombe viwili ambavyo vilikuwa safi, akaniambia bila kugeuka kwamba si yeye ninayepaswa kumwambia.

Nilikwenda kwa Baba Jumapili iliyopita. Nilisema kwa Kiswidi, polepole, nisije nikapata pa kujificha. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni. Nilitegemea hasira, na ningeishukuru. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo hiyo desturi haipo?"

"Haipo, Baba."

Halafu akasema, "Nilikuwa nimeiheshimu sana."

Akanieleza kwamba zile asubuhi tatu kwenye baridi hakuona uchungu, kwa sababu alijua anamfanyia mtu kazi ambayo imani yake haimruhusu. Jamani! Mzee wa watu amekaa kwenye baridi kwa adabu, akitunza heshima ya uongo wangu.

Aliniambia hatawaeleza wenzake, nitawaeleza mimi. Wanakutana Jumamosi hii. Yule mpwa atakuwepo na nguo zake mpya. Labda nafasi ya Mama Aline haitarudi, maana mwenye msitu hawezi kumtoa mtu wa damu yake kwa sababu mimi nimekumbuka ukweli mwezi wa nne. Mama Aline hapokei simu zangu. Simlaumu.

Nimeanza na ninyi kwa sababu moja. Kule nitakuwa na Kiswidi changu na machozi yangu, na wale watu wapole, na sijiamini. Ninyi siwezi kuwadanganya, mmejua tangu mwanzo kwamba hakuna desturi kama hiyo popote kutoka pwani mpaka Kivu.

Basi wewe uliye ugenini, ukiharibu, sema mimi. Sema mimi nilitamani, mimi nilizembea, mimi niliogopa. Watakukasirikia wewe, na hasira itaisha. Ukisema kwetu, mlango utafungwa, na utamfungia mtu ambaye siku hiyo hata msituni hakuwepo.