Bastola Namba Kumi na Nne

Sanduku lilifika asubuhi, lakini Noreen Stahl hakulifungua. Aliliweka juu ya meza ya kazi kwenye banda la nyuma, akarudi ndani kumkaangia baba yake mayai, akaosha kikaango, akafagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Kisha akarudi bandani, akalizunguka lile sanduku kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndani mlikuwa na bastola kuukuu za walinzi. Kampuni iliyolinda kiwanda cha vioo pale mjini, ukingoni mwa mto Ohio, ilikuwa imenunua silaha za kisasa, na hizi za zamani ikamtupia mfanyabiashara wa jumla wa Pittsburgh. Noreen alikuwa na leseni ya kazi hiyo. Kwa miaka mingi alinunua bastola za namna hii kutoka kampuni mbalimbali, akazitoa kutu, akazitia mafuta, akabadilisha springi zilizochoka, akawauzia wakulima na watu wapendao vitu vya kale. Lakini kila alipompigia simu yule bwana wa Pittsburgh, alimaliza kwa maneno yaleyale: "Za kiwanda cha vioo zikija, usimpe mtu kabla yangu."

Mji mzima ulijua sababu. Alikuwa akiitafuta namba kumi na nne, aliyoibeba baba yake.

Emmett Stahl alilinda geti la kiwanda tangu Noreen akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Siku moja ya mishahara walikuja wanyang'anyi wawili. Mwenzake wa getini, Floyd Beedle, alikuwa bado anahangaika na ala yake ya ngozi, lakini Emmett alikwisha kuichomoa ya kwake. Alilenga. Haikulia. Mmoja wa wanyang'anyi akampiga Floyd risasi ya goti, wakachukua walichokuja kuchukua, wakaenda zao.

"Ilikataa," Emmett aliwaambia wakubwa. "Nilivuta, ikakataa."

Kampuni ikamleta mtu wake aliyevaa tai. Akaichukua bastola nyuma ya stoo, akaifyatua mara moja, ikanguruma vizuri kabisa. Akaandika kwamba bastola ni nzima, mbovu ni mtu. Emmett akafukuzwa. Hakuna aliyeuliza ni lini kampuni hiyo iliwahi kuitia bastola hiyo hata tone la mafuta. Waliwagawia watu silaha kama wanavyogawa mafagio, wakawaambia wafe kwa ajili ya vioo vya mtu mwingine, na chombo kilipogoma, lawama ikamwangukia aliyekishika. Mjini wakampa jina: Emmett Kimya. Floyd, aliyekuwa rafiki yake wa kuvua samaki na wa kanisani, hakumsalimia tena.

Noreen alikata kamba ya sanduku. Bastola ya mlinzi ni kinyume cha binadamu wengi: nje imechakaa, ndani ni safi. Imebebwa miaka na miaka kwenye mvua na theluji, lakini imefyatuliwa mara chache mno. Ngozi ya ala huilamba rangi mdomoni mwa mtutu, na jasho la kiganja hula chuma cha mpini. Alama hizo Noreen hakuzisugua kamwe. Kutu aliiondoa, uchakavu aliuacha. "Huo ni mwili wa mtu," aliwaambia wateja waliotaka ing'ae kama kijiko kipya. "Ukitaka cha kung'aa, kanunue sufuria."

Alizitoa mojamoja, akihakikisha kila moja haina risasi, akageuza kitako kutazama namba iliyogongwa chumani. Tatu. Ishirini na mbili. Tisa. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta, ikawepo kumi na nne.

Alikaa nayo mapajani kwa muda. Halafu akaanza kazi, maana mikono yake haikujua kukaa.

Alivuta kifyatulio taratibu. Silinda, lile gurudumu linalobeba risasi sita, ikazunguka. Mara ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya nne ikasaga, ikasimama. Alivuta kwa nguvu zote za kidole chake, haikusogea. Akaisukuma silinda kwa dole gumba, ikapita, na ikawa nzima kama haijawahi kuugua. Akarudia. Ikakwama palepale.

"Mungu wangu," alisema. "Baba hakudanganya."

Aliifungua, akaiweka kwenye mwanga. Mkono mwembamba wa chuma unaoishikilia silinda ulikuwa umepinda kidogo, upana wa unywele. Silinda ilikaa upande, ikagusa chuma mahali pamoja tu katika mzunguko wake. Yule wa tai alivuta mara moja tu, akaikuta mahali pazuri.

Fundi yeyote wa bastola hizi anajua mkono ule hupindishwa na nini. Hupindishwa na mtu anayeifunga silinda kwa kuitupa: anatikisa kiganja, silinda inaruka na kujipiga ndani, kla! Kama kwenye sinema. Walinzi wote walifanya hivyo. Mtu akisimama getini kutwa nzima akihesabu malori, atachezea nini?

Noreen aliifunga bastola kwa mikono yote miwili. Alikumbuka ngazi za jikoni. Baba amerudi kazini, koti linanuka mafuta ya taa, ametoa risasi na kuzitia mfukoni. Yeye, bado mtoto, amekaa ngazi ya juu, miguu inaning'inia. Kla! Anacheka mpaka anakohoa. "Tena, Baba! Tena!" Na baba anafanya tena. Kila jioni.

Dawa yake ilikuwa rahisi: nyundo ya plastiki, mapigo mawili matatu, jicho zuri. Lakini akiunyoosha ule mkono, ushahidi umekwisha. Na akiupeleka mjini ulivyo, atakuwa amemtoa baba yake kwenye woga na kumtia kwenye upuuzi. Alikaa akiitazama ile nyundo. Kisha akaiviringisha bastola ndani ya taulo, akaelekea mkahawa wa Dot.

Wazee walikuwa kwenye meza yao ya duara, kahawa mbele yao. Floyd Beedle alikuwa amenyoosha mguu wake usiokunjika, wahudumu wakiuruka kama kizingiti.

"Noreen!" aliita mmoja. "Umempata mchumba wako namba kumi na nne?"

"Nimempata."

Alifunua taulo, akaifungua silinda kila mtu aone matundu matupu.

"Si juu ya meza yangu," Dot alisema kutoka kaunta. "Hapo pana keki."

"Basi hamisha keki, Dot." Akamgeukia Floyd. "Bwana Beedle, naomba uishike. Elekeza ukutani, pale kwenye matofali, uvute."

"Sina haja ya kuishika."

"Miaka yote umesema ulichokiona. Leo shika."

Floyd aliichukua kama mtu anayepewa mtoto wa adui yake. Akavuta. Akavuta tena, na tena. Ikakwama. Mishipa ya mkono ikamtoka. Akaitazama bastola, akavuta kwa vidole viwili, uso ukiwa mwekundu.

"Haiendi," alisema kwa sauti ndogo.

"Haiendi," Noreen alisema.

"Labda umeiharibu wewe fundi," mzee mmoja alidakia.

"Wewe Virgil, kunywa kahawa yako!" Floyd alimkaripia bila kugeuka. Alikuwa ameifungua, anautazama ule mkono wa chuma. "Umepinda. Nani aliupinda?"

Noreen angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angejua.

"Baba," alisema. "Alikuwa akiifunga kwa kuitupa. Kunichekesha mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia arudie."

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Floyd aliiweka bastola juu ya taulo polepole sana, akaushika ukingo wa meza.

"Hakuwa akijua kufanya vile," alisema. "Emmett alikuwa mtu wa kufunga vitu kwa upole, hata mlango wa gari. Nilimfundisha mimi. Wiki nzima pale getini, nikimcheka. 'Tupa, mwanaume! Unafunga kama bibi anayefunga mkoba!' Mpaka akaweza." Akafuta mdomo kwa kitambaa cha karatasi. "Dot, niletee fimbo yangu."

Emmett alikuwa barazani akimenya maharagwe, bakuli katikati ya magoti. Alimwona binti yake akishuka garini, kisha akaiona ile fimbo, kisha ule mguu. Aliacha kumenya.

"Umekonda, Floyd," alisema.

"Nawe umezeeka, mjinga wewe."

Noreen akampa baba yake bastola, akamwonyesha inapokwama. Mzee alivuta. Alipofika pale ilipogoma, kidole chake kikabaki hapohapo, kinavuta chuma kisichokubali, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti.

"Nilivuta," alisema.

"Ulivuta, Baba."

"Siku zote hizi..." Alikitazama kidole chenyewe. "Mwanzoni nilijua ilikataa. Halafu watu wakasema, wakasema. Nikaanza kudhani ni kidole. Kwamba kiliogopa, nami sikukisikia."

Floyd alijishusha kwenye ngazi kwa shida, mguu mbele kama ubao. "Kidole chako hakina kosa. Kosa ni la kufunga kwa madaha. Na madaha yalikuwa yangu."

"Yalikuwa yangu pia," Emmett alisema. "Huyu alikuwa akicheka sana."

Noreen aliuliza kama anyooshe ule mkono au auache hivyohivyo, kama ushahidi.

"Ushahidi kwa nani?" baba yake akasema. "Wenye kujua wameshajua. Inyooshe."

Noreen akaenda bandani, wakamsikia akigonga: pigo moja, akatazama, pigo jingine. Aliporudi, Floyd alinyoosha mkono, akaichukua yeye. Silinda ilikuwa wazi. Kiganja chake kikaanza kuinuka chenyewe, kwa mazoea ya zamani.

"Wewe!" Emmett alifoka.

Floyd akaushusha mkono. Akaweka kiganja cha kushoto chini ya silinda, akaisukuma ndani taratibu, kama bibi anayefunga mkoba.