Fainali Iliyokuja na Uyoga Mkavu

Jumamosi iliyopita mwanangu alinichukua akanipeleka Herndon, Virginia, kazini kwake. Yeye anatunza wazee majumbani, na mzee wake wa wikendi ni bibi mmoja wa Kipolandi. Kwa kawaida mimi hubaki nyumbani, Riverdale Park, na jirani yetu Mkenya, lakini siku hiyo jirani alikuwa na harusi, na kuniacha peke yangu mwanangu hataki tena, tangu siku nilipokaanga samaki kengele ya moshi ikalia hadi zimamoto wakaja na gari lao refu. Samaki wenyewe walikuwa wazuri. Mmoja wa wale zimamoto alionja.

Basi tukaingia kwa yule bibi, na kabla sijavua koti, harufu ikanipiga. Kabichi. Siyo kabichi ya kuchemsha, la, ile iliyotiwa chumvi ikakandamizwa kwenye pipa ikachacha wiki na wiki mpaka inanuka kama soksi za mtu mwema. Nilisimama palepale kwenye zulia. Mwanangu akadhani magoti yamegoma tena. Kumbe mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka Virginia, niko Usambara, nina umri wa kung'oa meno, na Sista amesimama mlangoni mwa jiko la misheni amekunja mikono ya kanzu.

Televisheni ilikuwa imewashwa, vijana wanacheza mpira, na bibi wa watu amejifunika shali anawagombeza kwa lugha yake. Tukaletewa supu. Nikamwambia mwanangu amuulize kama yeye ni wa wale wachimba makaa ya mawe, nikamtajia na timu. Jina lake sikuandikii hapa, maana ukilisoma kwa sauti watoto watadhani umekwamwa na mwiba wa samaki. Yule bibi aliposikia akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono, akalivuta bakuli langu la supu upande wake. Kumbe yeye ni wa timu ya jirani, mji wa pili, watani wa jadi. Akaniangalia, nikamwangalia, akacheka mpaka akakohoa, akanirudishia bakuli na kipande cha soseji juu.

Mwanangu naye akauliza, "Mama, mpira wa Wapolandi wewe umeujulia wapi?"

"Kwenye mafundisho ya kipaimara," nikamwambia.

Akanipima presha.

Sasa wewe kaa nikueleze, maana yeye alikuwa kazini hakunisikiliza hadi mwisho. Na mimi shule niliishia darasa la tatu, mambo yangu nayatoa kichwani, nikipotea njia utanivumilia.

Kwetu milimani kabichi ndiyo ilikuwa kila kitu. Kabichi kubwa zilishuka sokoni na lori, ndogo zilibaki, na zile ndogo ngumu ndizo zilikuwa mpira wetu. Unapiga, inapukutisha majani, unapiga, mpaka imebaki kama ngumi, halafu mbuzi anamaliza. Uwanja wetu ulikuwa ukingoni mwa mlima, umeinama kama paa. Wanaocheza kushuka wanafunga, wanaocheza kupanda wanahema. Na aliyepiga mpira ukaenda bondeni, aufuate mwenyewe hadi mtoni, na kwa kuwa ameshafika, arudi na ndoo ya maji. Mama zetu waliupenda sana mpira kwa sababu hiyo.

Sista alitokea Poland, binti wa mchimba makaa. Mpole, mfupi, mashavu mekundu, na Kiswahili chake alijifunza kwa wauza mboga, kwa hiyo alijua kupatana bei kabla hajajua kusali. Ndiye aliyelianzisha lile pipa la kabichi. Wazee walidhani imemwozea, wakamhurumia, wakamletea nyingine. Paroko wetu alikuwa amempa kazi ya kutufundisha dini sisi tuliokuwa tunajiandaa kwa kipaimara, kazi ambayo kabla yake ilikuwa ya katekista, mzee mkali mwenye fimbo ya mpera. Mimi mgongo wangu uliifahamu ile fimbo kwa jina lake la ubatizo.

Sista hakuwa na fimbo. Yeye alikuwa na timu. Sharti lake lilikuwa hili: darasa zima likisema Nasadiki bila kukwama, anatupa kipande cha historia. Tukikwama, kipande kinangoja kesho. Ndugu yangu, hujaona watoto wanasali vile. Hata watoto wa Kiislamu wa upande wa pili wa mto walikuja kukaa dirishani, wakaijua Nasadiki yote, na mmoja wao, ambaye sasa ni shehe, anaikumbuka mpaka leo, ananiambia kwenye simu huku akicheka.

Historia yenyewe ilimfikia vipande vipande. Kaka yake, mchimba makaa kama baba yao, alikuwa akimtumia vifurushi vya uyoga mkavu kwa meli, na uyoga ulifungwa kwenye magazeti ya huko, kurasa za michezo. Kwa hiyo Sista alikunjua uyoga, akanyoosha gazeti juu ya meza, akasoma. Habari zilikuja zimechanika, na zote zilinuka msitu. Sisi tukadhani magazeti ya Ulaya ndivyo yanavyonuka.

Alitueleza jinsi timu ilivyozaliwa baada ya vita, kutokana na vitimu vidogo vilivyokuwa vinagombana, vikaambiwa muungane, vikaungana kwa kununa. Jinsi mashabiki walivyotoka shimoni na nyuso nyeusi, wakaenda uwanjani bila kunawa, hata refa asijue nani ni nani. Jinsi walivyochukua ubingwa wa nchi, wakauchukua tena, mpaka watu wa mji mkuu wakaona ni utovu wa adabu. Halafu siku walipowafunga Waingereza nyumbani, mji mzima ukalewa, wakaenda ugenini Uingereza kwa marudiano wakala manane. Manane! Siku hiyo Sista hakuweza kumaliza. Tulirudi nyumbani kimya kama Ijumaa Kuu, na bibi yangu aliponiuliza nani amekufa nikamwambia timu yetu. Bibi akasema, "Aliyefungwa manane hajafa, amejua njia." Msemo huo naufikiria bado. Sijui maana yake vizuri.

Sasa, ule mwaka wa kipaimara chetu, timu ilikuwa inapanda katika kombe kubwa la Ulaya. Nusu fainali walitoka sare na Wataliano, wakarudiana sare, wakarudiana tena sare. Refa akaona wataonana mpaka wazeeke, akarusha juu kidude cha kuamulia. Nahodha akachagua upande, kikaangukia upande wake. Tukapiga kelele mpaka kuku wa misheni wakatawanyika. Fainali ikawa inakuja, tena na Waingereza. Lakini kipande cha gazeti kiliishia hapo, kilichofuata kilikuwa bado baharini.

Na hapo ndipo paroko alipopita nje, akasikia kelele, akachungulia. Padri mwema, mnisikie vizuri, lakini mpira aliuona kama pombe. Akamwita Sista kibarazani, mlango wazi, tukasikia kila kitu. Baba Askofu anakuja mwezi ujao kuwauliza watoto maswali kabla ya kipaimara. Wakijibu ovyo, Sista atarudi jikoni kwenye kabichi yake, na darasa litakuwa la katekista. Katekista mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, anaipangusa fimbo kwa leso.

Ilibidi tusome, basi. Tulisoma dini tukichota maji, tukipalilia, tukimenya mahindi ya makande. Uoga ule naukumbuka hadi leo, maana haikuwa kipaimara peke yake, ilikuwa ni Sista. Mtoto akishapata mtu mzima wa kumwambia "na halafu?" naye akamjibu, hataki kumrudisha.

Baba Askofu akaja. Mtu mrefu, sauti ya pole, viatu vimejaa tope letu. Tukapangwa kwenye benchi za mbele, paroko kulia, katekista kushoto, Sista nyuma kabisa ya kanisa kama mtu aliyekuja kuuza mayai. Maswali ya kwanza yakapita vizuri. Mungu ni nani, sakramenti ni ngapi, yote tukajibu kwa sauti moja. Kisha Askofu akaninyooshea kidole mimi.

"Binti, mitume walikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili, Baba Askofu. Lakini Yuda alitolewa, akaingia Mathia toka benchi."

Nilimwona paroko akifumba macho. Nikadhani jibu limepungua, nikaliongezea.

"Walipiga kura, Baba Askofu. Kama ile ya nusu fainali. Ikaangukia kwa Mathia."

Askofu akaniuliza taratibu, "Nusu fainali ya nani, mwanangu?"

Ningenyamaza hapo. Wewe ungenyamaza. Lakini rafiki yangu aliyekaa ubavuni mwangu, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa na kiherehere kuliko mimi, akasimama bila kuitwa akaeleza kwamba Ijumaa Kuu ni mechi ya ugenini, unafungwa vibaya na watu wanakucheka, na Pasaka ni marudiano nyumbani. Na kwamba mwenye imani hatoki uwanjani baada ya mechi ya kwanza. Akakaa. Tukasikia njiwa juu ya dari.

Paroko akaanza kusema kwamba anaomba radhi, kwamba Sista huyu ni mgeni, kwamba mpango umekwisha kufanywa kuanzia Jumatatu katekista... Askofu akainua mkono. Akatuuliza tena, mmoja mmoja, bila haraka, mambo ya ndani kabisa, Roho Mtakatifu, mapaji yake, maana ya kusamehe, na tukajibu, kwa sababu tulijua, Sista alikuwa hatupi mpira mpaka tujue. Alipomaliza akamgeukia paroko.

"Padri, mimi nimezunguka parokia nyingi. Watoto wananiimbia majibu kama kasuku, nikiuliza maana wanaangalia viatu vyangu. Hawa waache na mwalimu wao."

Katekista akaiegemeza fimbo ukutani. Nasikia aliitumia kufungia maharage baadaye, yakazaa sana.

Lakini hadithi haijaisha, maana Askofu aliteremka hadi nyuma alikosimama Sista, sisi tumegeuza shingo zote, na tukaona kumbe naye ni mtu wa mpira. Akamsalimu, akamwambia hiyo timu anaifahamu, na kuhusu hiyo fainali yao, yeye ameisikia kwenye redio kule mjini...

Sista akaziba masikio. Mbele ya Askofu, mbele ya paroko, mikono miwili juu ya kitambaa chake cha kichwa.

"Baba Askofu, usiniambie, nakuomba. Watoto wangu bado hawajacheza."

Askofu akasimama na mdomo wazi. Halafu akaufunga. Akatutazama sisi kwenye benchi, akarudi kumtazama yeye, akasema, "Basi nitawaombea," na akatoka nje kwenda kula wali.

Meli ilichelewa. Ilipita masika yote, kabichi zikavunwa nyingine zikapandwa, kifurushi hakijafika. Na sisi tuliicheza ile fainali kila siku kwenye uwanja wetu ulioinama. Tuligawana majina, nahodha alikuwa mimi, na tulikubaliana kwamba Wapolandi wacheze kushuka. Hatukuwahi kufungwa. Hata mwenye bahati mbaya ya kuwa Mwingereza alijifungisha kidogo, kwa upendo.

Kisha uyoga ukafika. Sista aliufungua mbele yetu, akanyoosha gazeti, akasoma kwa muda mrefu huku kidole kinatembea. Mvua, akasema. Ilinyesha mvua kubwa. Mawili kwa moja. Hakuna aliyelia sana, nadhani kwa kuwa yeye hakulia. Alitupa kila mtu uyoga mmoja mkavu wa kutafuna, tukatafuna, mbaya kama ngozi ya kiatu, tukasema Nasadiki bila kukwama.

Sista alihamishwa tukiwa tumekwisha kuwa wasichana wakubwa, akaenda misheni nyingine mbali, na miaka mingi baadaye tukasikia amepumzika. Uwanja sasa ni matuta ya nyanya. Mimi niko Amerika, nakaa kwenye kochi na mjukuu wangu tunaangalia mpira, na kabla mchezaji hajainua mguu, simu yake imeshamwambia ni goli, naye ananiambia kwa Kiingereza, kwa moyo mwema kabisa. Simkemei. Hajui ameninyang'anya nini.

Ukiniuliza kilichopotea, siyo kabichi, kabichi ipo Herndon. Ni mtu kama yule Askofu. Kubeba habari mdomoni, ukaona watoto wa watu bado wana furaha, ukaimeza ukaenda kula wali. Maana nimepiga hesabu baada ya kuwa mtu mzima: siku ile tunaulizwa maswali kanisani, timu yetu ilikuwa imekwisha kufungwa zamani, kombe limeshapelekwa kwa wenyewe. Masika yote yale tulikuwa tumeshindwa na hatujui, tunapanda mlima na ndoo kichwani tunaimba kama mabingwa. Na tulikuwa mabingwa. Hakuna aliyekuja kutukatalia.